Fundi anayepima mikoba homa

Saa kumi na moja na robo jioni, kwenye korido inayotoka dirisha la dawa kwenda lango la hospitali, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja amesimama katikati ya njia na hapishi mtu. Kila muuguzi anayetoka anasimamishwa, na mkoba wake unabandikwa kiganja.

"Huu wa baridi. Nenda. Huu nao wa baridi. Nenda mama, wasalimie nyumbani. Wewe! Rudi hapa."

Muuguzi kijana aliyekwisha kupita anarudi huku akicheka. "Chomoa, nitakosa gari."

"Gari litakuja jingine. Lete mkoba."

Anaupapasa kama mzazi anavyompapasa mtoto paji la uso. Anafumba macho na kuhesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. "Vuguvugu tu. Uliuweka dirishani?"

"Niliuweka."

"Basi ni jua. Haya, kimbia."

Ndani ya kila mkoba mna kompyuta mpakato ya hospitali. Ziko thelathini na nne, na nyingi zimechoka, herufi zimefutika kwenye vitufe. Wauguzi wa majumbani huzibeba kwenda kwa wagonjwa wasioweza kufika hospitalini: waliopooza, wenye vidonda visivyofunga, wazee wa sindano za kila siku. Anayezitunza ni mwanamke huyu mmoja, mwenye umri wa miaka arobaini na moja. Jina lake la kwenye vitabu hulisikia siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote ni Chomoa, kwa sababu ukimpigia simu kuhusu kifaa chochote, kabla hujamaliza kulalamika, atakwambia: "Chomoa kwanza."

Kukaa naye ni kazi. Ofisi yake ni chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, nacho kina kiti kimoja, na kiti hicho kimekaliwa na nyaya. Mahojiano haya yalifanyika kwa siku tatu, mengi yake kwenye ngazi, akiwa mbele na mwandishi nyuma akihema. Simu yake ikinyamaza kwa robo saa, huitoa mfukoni kuhakikisha bado ni nzima.

"Mimi sikuumbiwa kukaa," anasema. "Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimesimama."

Hakuanza kama fundi. Alianza kazi hospitalini hapo akiwa na miaka ishirini na miwili, karani wa masjala, akisukuma kitoroli cha majalada ya wagonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Baada ya miaka kumi ukaja uamuzi kwamba majalada yaingizwe kwenye kompyuta. Makarani wanane wakaambiwa wajiandae kwenda nyumbani. Saba walikwenda. Wa nane alijiandikisha darasa la jioni la ufundi wa kompyuta, akajilipia kwa kuuza cherehani yake, akarudi kuomba kazi yoyote iliyobaki.

"Watu walidhani ninapenda kompyuta. Wapi! Mimi nilikuwa nimeyafuata majalada yangu. Yameingia humo ndani, na mimi nikaingia."

Kwa miaka tisa sasa amekuwa fundi wa mkataba. Mkataba husainiwa upya kila mwaka, na mshahara wake ni kama theluthi mbili ya ule wa fundi mwenye ajira ya kudumu. Mume wake ni fundi bomba, wana mabinti wawili shuleni, na nyumba wanayoipanga ina vyumba viwili na ukumbi ambao nusu yake imejaa mabomba. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, jina lake liliingizwa kwenye orodha ya watakaopewa ajira ya kudumu. Ni mwezi huohuo ambapo mikoba ilianza kuugua.

* * *

Wa kwanza kuleta malalamiko alikuwa muuguzi ambaye wenzake humwita Sista Taratibu. Ana miaka hamsini na minane, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Akifunga kidonda, hufunga kana kwamba atakuja kukaguliwa na aliyekiumba. Wakati huo alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu.

"Mwanangu," alimwambia Chomoa asubuhi moja, akiweka kompyuta mezani kwa mikono miwili, "jana jioni ilikuwa na betri asilimia tisini na sita. Leo asubuhi nafungua mkoba kwa mgonjwa, imekufa. Na ni ya moto. Moto wa kupasha mikono."

Kwa kawaida, muuguzi akimaliza kazi hufunga kifuniko na kompyuta hulala. Haizimiki kabisa. Inaacha shughuli zote, inatulia, inakula umeme kidogo sana, na asubuhi ukifunua inaamka pale ulipoiacha. Wauguzi hawazizimi kwa sababu mashine zenyewe kongwe, kuiwasha moja upya ni dakika saba, na mgonjwa anakutazama.

Chomoa alibadilisha betri. Baada ya siku nne Sista Taratibu alirudi. Akabadilisha tena. Wiki iliyofuata akarudi, safari hii akiwa na wenzake wanne wenye shida ileile, ingawa yao ilitokea mara mojamoja. Ya Sista ilikuwa karibu kila siku ya pili.

Mezani kwa Chomoa, kompyuta hizo zililala bila tatizo. Aliifunga ya Sista mara arobaini kwa siku moja, akihesabu. Mara arobaini ililala kama mtoto aliyeshiba. Akaenda nayo nyumbani Jumamosi, ikalala. Jumapili, ikalala.

"Nilianza kuichukia," anakumbuka. "Ukimpeleka mtoto kwa daktari, homa inashuka mlangoni. Ndivyo ilivyonifanya."

Fundi akikosa kosa kwenye mashine, jicho humgeukia mtu. Minong'ono ilikwisha kuanza kwenye chumba cha wauguzi: mjukuu wa Sista anaangalia katuni usiku kucha. Nani alianza kuyasema, hakuna anayekiri. Chomoa naye hakuyaanzisha, lakini kuna siku ambayo mpaka leo akiifikia katika simulizi hutazama pembeni. Alimfuata yule mama kwenye ngazi akamuuliza, kwa sauti ya chini na adabu zote: "Mama, samahani. Nyumbani kuna mtu mwingine anayeitumia?"

Sista Taratibu alisimama, mkono kwenye kishikio cha ngazi. "Mjukuu wangu anaishi mwendo wa siku mbili kutoka hapa," alimjibu. "Labda anaitumia ndotoni." Akashuka ngazi, moja baada ya nyingine.

* * *

Kisha ikaja Jumanne ya mwashi.

Mwashi huyo ni mstaafu, mzee wa miaka sabini na moja mwenye kisukari na kidonda mguuni. Kila asubuhi hupata sindano kabla ya kula. Jumatatu jioni daktari alikuwa amebadilisha kipimo cha dawa yake, na kipimo kipya kiliandikwa kwenye faili lake ndani ya kompyuta. Sista Taratibu alifika saa moja na nusu asubuhi, akafungua mkoba, akakutana na joto na kioo cheusi.

Alijua kipimo kimebadilika. Hakukumbuka kwa uhakika ni kiasi gani, na yeye si mtu wa kubahatisha. Akapiga simu wodini, haikupokewa. Akapiga masjala, ikaita mpaka ikakata. Mzee amekaa kitandani, hajala tangu jana usiku, kichwa kinamzunguka kwa njaa. Binti yake amesimama mlangoni na sahani.

"Sista, mchome kile cha siku zote," binti alisema. "Baba anateseka."

"Cha siku zote kimefutwa, mwanangu. Siwezi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Saa moja na dakika arobaini zilipita mpaka mtu mmoja hospitalini alipoinua simu na kumsomea faili. Mzee akapata sindano, akala, akalala. Lakini binti alikuwa na hasira za haki, na kabla ya saa sita mchana barua yake ilikuwa mezani kwa katibu wa hospitali.

Kesho yake Sista Taratibu alikabidhiwa barua ya kujieleza. Alituhumiwa kutumia kifaa cha ofisi kwa mambo binafsi na kusababisha mgonjwa kucheleweshewa huduma. Alipewa siku saba. Kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja na ushei, barua kama hiyo ikiiva inaweza kugusa mafao.

"Miaka thelathini na mitatu sijawahi kuandikiwa hata kuchelewa," anasema Sista mwenyewe, tulipomkuta akihesabu bandeji. "Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta makosa ya herufi, nione kama kweli ni yangu."

Chomoa alizisikia habari hizo akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja ndani ya dari. Alishuka. Hakumaliza kilichompeleka juu.

* * *

Siku mbili alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alichomoa na kuchomeka vyote vinavyochomeka. Aliwauliza wauguzi maswali mpaka wakaanza kumkwepa: unafunga kifuniko ukiwa wapi? Umesimama au umekaa? Siku ya tatu jioni akafanya jambo ambalo, kwa maneno yake, angelifanya siku ya kwanza kama si kiburi cha fundi. Alimfuata Sista Taratibu nyuma, hatua kwa hatua, kuanzia saa kumi.

Akamwona anavyofanya kazi. Wenzake walikuwa wakinakili mafaili ya wagonjwa wa kesho kutoka kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya hospitali inayohifadhi kumbukumbu zote, kisha wanafunga kompyuta palepale mezani na kuondoka. Sista hakufunga. Alitembea nayo ikiwa wazi, mkono mmoja chini kama sinia, mpaka dirisha la dawa. Pale alilinganisha kila kichupa na kilichoandikwa kwenye faili kwenye seva, kwa sababu madaktari hubadilisha vipimo mpaka dakika ya mwisho. Dirisha la dawa liko jengo la nyuma. Mtandao wa hospitali hufika pale ukiwa umechoka, unakuja, unapotea.

Alipomaliza, alifunga kifuniko, akatia kompyuta mkobani, akatoka. Chomoa akatoka naye mpaka kituo cha gari.

"Mama, nipe nikushikie mkoba."

"Si mzito."

"Nipe tu, mama."

Waliketi kwenye benchi la kituo, mkoba mapajani mwa Chomoa. Baada ya dakika tano alilisikia joto kwenye mapaja. Baada ya kumi, feni ilikuwa inavuma humo ndani. Akaufungua palepale, watu wakimpita na mizigo yao, akaanza kusoma kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia yenyewe. Ilikuwa imeandika, kwa lugha yake kavu, kwamba iliamriwa kulala. Iliziambia kazi zote zisimame. Moja iligoma. Ikangoja sekunde ishirini. Ikaahirisha kulala. Dakika moja baadaye ikajaribu tena, na tena, na tena.

Kazi iliyogoma ilikuwa ile inayoiunganisha kompyuta na folda ya mafaili kule kwenye seva. Ilikuwa imeuliza jambo kwa seva na inangoja jibu. Mtandao umebaki kwenye dirisha la dawa, seva imebaki hospitalini, na kazi hiyo ilikuwa imeagizwa isikate tamaa hata iweje.

Aliyeiagiza ni Chomoa.

Mwezi mmoja kabla ya malalamiko ya kwanza, seva iliwahi kupepesa kwa nusu dakika na maelezo ya mgonjwa mmoja yakapotea yakiwa njiani. Chomoa, karani wa masjala aliyefuata majalada yake, hakulala kwa uchungu. Akabadilisha maelekezo kwenye kompyuta zote thelathini na nne: faili likiombwa na seva isijibu, ngoja. Usiachie. Ngoja mpaka ijibu. Alisifiwa kwa hilo mbele ya mkutano wa idara, akapewa cheti.

"Ni hivi," anaeleza, akisimama katikati ya ngazi ili aoneshe kwa mikono. "Bosi anasema jamani kazi imekwisha, kila mtu aache, nizime taa. Wote wanaacha. Mmoja ameshika simu sikioni. Bosi anamwambia kata. Anasema siwezi, nimeambiwa nisikate mpaka nijibiwe. Na yule wa upande wa pili alishaondoka zamani! Basi bosi anabaki kasimama mlangoni, taa inawaka mpaka asubuhi."

Mezani kwake haikutokea kamwe kwa sababu mezani kwake mtandao ni mzuri na jibu hurudi papo hapo. Wale wauguzi wanne ni waliokuwa wakipitia dirisha la dawa na kompyuta ikiwa wazi, mara mojamoja. Na wapo wengine waliobebeshwa moto bila kujua, kwa sababu wakifika nyumbani hufungua mikoba na kuchaji, jambo ambalo kanuni inalikataza. Mikoba ina siri za wagonjwa. Haitakiwi kufunguliwa nyumbani. Sista Taratibu, kwa miaka yote, aliuweka wake juu ya kabati ukiwa umefungwa, akaugusa tena asubuhi.

Kosa lilikuwa limemchagua mtu anayefuata kanuni kuliko wote.

"Nini, mwanangu?" Sista alimuuliza pale kituoni, maana vidole vya fundi vilikuwa vimeganda juu ya vitufe.

Chomoa alimwambia. Alimwambia yote, pamoja na cheti. Gari la Sista likaja, likapakia, likaondoka bila yeye.

"Betri umenibadilishia mara mbili," Sista alisema hatimaye, "na ukaniuliza habari za mjukuu."

"Ndiyo, mama."

"Nipe mkoba wangu."

Aliondoka kwa miguu hadi kituo kinachofuata.

* * *

Nyumbani, mume wake alimsikiliza huku akisugua kutu kwenye kiungio cha bomba. Ni mtu wa utani, lakini jioni ile alianza kwa busara ya ufundi.

"Mke wangu, mimi nikikuta bomba nililofunga mwenyewe linavuja, naziba, nakunja mikono ya shati, naondoka. Siiti mtaa mzima. Rekebisha kimyakimya. Orodha ya ajira inatoka mwezi huu, na huu si mwezi wa kwenda kujishtaki."

"Na kama jirani ameshikwa anaambiwa ndiye aliyeiba maji?"

Mume akasugua kwanza. "Wana ushahidi?"

"Wana mita. Maji yamepungua, na yeye ndiye anayekaa karibu na bomba."

Akaweka bomba chini. "Hapo umenipiga chenga," alisema. Kisha akaongeza: "Vaa lile gauni la bluu. Ukienda kujishtaki usiende umevaa kama mshtakiwa."

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, Sista Taratibu aliingia ofisini kwa katibu na majibu yake yaliyoandikwa kwa mkono, kurasa mbili. Nyuma yake akaingia Chomoa, gauni la bluu, kompyuta kwapani.

"Wewe umeitwa?" katibu aliuliza.

"Sijaitwa, mzee. Nina maelezo kuhusu kosa hili."

"Subiri nje, tukimaliza naye utaingia."

"Mkimaliza naye itakuwa mmemaliza vibaya."

Katibu, mwanamume mwenye sifa ya kutopandisha sauti, alivua miwani. Chomoa hakuketi alipooneshwa kiti. Aliifungua kompyuta, akaiunganisha na folda, akamwomba katibu mwenyewe afunge kifuniko. Ililala. Akaiamsha. Akaomba faili moja kutoka kwenye seva, kisha akazima mtandao wa chumba kwa kuchomoa waya ukutani, na kumwomba afunge tena. Akaitia mkobani, akauweka mkoba mbele yake juu ya karatasi zake.

Sista alitazama dirisha. Katibu aliweka mkono juu ya mkoba, akauondoa, akauweka tena.

"Inapata moto," alisema.

"Na itaendelea mpaka betri iishe. Hakuna aliyeitumia, mzee. Iko macho peke yake."

"Kwa hiyo kosa ni la mashine."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi hapo, na Chomoa anakiri aliiona. "Ilikuwa pana, mwandishi. Hata gari lingepita."

"Mashine ilifanya nilichoiambia," alijibu. "Maelekezo niliyaandika mimi mwenyewe. Sikuyajaribu nje ya meza yangu."

Katibu alivaa miwani, akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Unajua jina lako mwezi huu liko wapi?"

"Najua, mzee."

"Na umekuja hivyohivyo."

"Nimekuja hivyohivyo."

Uamuzi ulitoka baada ya siku kumi. Barua ya Sista Taratibu ilifutwa. Chomoa alipewa barua ya onyo kwa kuweka mabadiliko kwenye vifaa vya wagonjwa bila majaribio ya kutosha, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya awamu hiyo. Mkataba wa mwaka ulisainiwa kama kawaida.

Alilia? "Nililia kwenye stoo ya mashuka. Dakika kumi hivi. Kisha simu ikaita, printa ya maabara imemeza karatasi."

* * *

Dawa yenyewe ilikuwa mistari kumi na moja ya maelekezo mapya. Sasa muuguzi akifunga kifuniko, kabla ya kitu kingine chochote, kompyuta inahakikisha mafaili ya kesho yamenakiliwa yote, kisha inaiachia ile folda ya seva. Seva ikijibu, wanaagana vizuri. Isipojibu ndani ya sekunde tano, inaachia kwa nguvu, ndipo inalala. Asubuhi ikiuona mtandao, inajiunganisha yenyewe.

Safari hii hakuyaweka kwenye mashine zote kwa mpigo. Aliweka kwenye moja, akatembea nayo wiki nzima: ngazini, dirisha la dawa, kituoni, bafuni nyumbani kwake ambako hakuna mtandao wa aina yoyote. Kisha tatu. Kisha kumi. Ilimchukua wiki saba, na katibu aliuliza mara mbili kwa nini anakawia.

Mashine mbili kongwe kuliko zote bado hazimpi amani. Mara moja kwa mwezi moja kati yao hukataa kulala, na hajaijua sababu. Ndiyo maana kila jioni husimama koridoni akipapasa mikoba, ingawa hakuna aliyemtuma na saa zake za kazi huwa zimekwisha.

Kuna jambo jingine alilifanya ambalo halikuwa la kifundi. Aliandika ombi rasmi kwamba barua iliyofutwa ya Sista itolewe ndani ya jalada lake la utumishi, pamoja na nakala. Aliambiwa haina haja, imekwisha kufutwa. Akaandika tena. Akaandika mara ya tatu.

"Mimi ni karani wa masjala," anasema, na kwa mara ya kwanza anasimama pasipo kuonesha kitu kwa mikono. "Barua ikifutwa kwa mdomo na ikabaki kwenye jalada, ipo siku itasomwa na mtu asiyejua kwamba ilifutwa."

Ilitolewa baada ya miezi miwili.

Na Sista Taratibu? Kwa wiki tatu hakumsemesha zaidi ya salamu. Haikuwa chuki, anasema Sista mwenyewe. Alikuwa anafunga kidonda, na vidonda havifungwi kwa haraka. Wiki ya nne alisimama koridoni, akaunyoosha mkoba mbele bila kuambiwa.

"Pima," alisema.

"Wa baridi, mama."

"Pima vizuri."

Alipima mpaka thelathini. Kesho yake Sista akamletea wazo ambalo fundi anaapa lilikuwa lake ila alikuwa hajalisema: "Wewe unatengeneza vitu vya kwetu na hujawahi kufika tunakokwenda. Njoo siku moja."

Alikwenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwashi. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeanza kuziba, na mzee alikuwa ameketi nje akikosoa ukuta wa jirani. Alipouliza kama mgeni ni daktari, Chomoa alimwambia hapana, yeye ndiye aliyeichelewesha sindano yake ile Jumanne, na akamweleza jinsi ilivyokuwa. Binti, aliyekuwa anaanika nguo, aliacha kuanika.

Mzee aliutazama tena ukuta wa jirani. Kisha akasema amejenga nyumba arobaini na mbili maishani mwake na hajawahi kulala hata usiku mmoja katika yoyote kati ya hizo. Nyufa zake alikuwa akizisikia kwa watu.

"Kwa hiyo unanisamehe, mzee?" Chomoa alimuuliza.

"Sista ndiye uliyemkosea. Mimi nilishinda na njaa tu," mzee alijibu. "Lakini kwa kuwa umekuja, hebu itazame redio yangu."

Aliitazama. Neno la kwanza alilosema wote mnalijua, na binti wa mzee akacheka mpaka akaangusha kamba ya nguo.

Tangu siku hiyo Chomoa ana ombi jipya mezani kwa katibu. Anataka apewe siku mbili kila mwezi za kutoka na wauguzi, abebe kompyuta kama wao, afungue na kufunga pale wanapofungua na kufunga wao, chini ya jua, kwenye vumbi, mgonjwa akiwa anamtazama. Kitu chochote atakachokibadilisha kianzie huko kabla hakijaguswa na muuguzi. Ameomba na mkoba wake mwenyewe, wenye namba yake: thelathini na tano.

Orodha nyingine ya ajira itatoka baada ya miezi sita. Hajui kama jina lake litakuwamo, na hapendi kuulizwa. Ukimuuliza kuhusu mkoba huo, hujinyoosha hata kama alikuwa amesimama.

Jibu la katibu bado halijatoka. Viatu vya kutembelea amekwisha kununua.